Ushauri wa Malezi na Mkono wa Mlezi: Watoto Wadogo kati ya Berlin na Afrika Mashariki

Wazazi wanaozungumza Kiswahili na kuishi Berlin hulea watoto wadogo wakiwa wamezungukwa na ushauri wa pande mbili, kwa kuwa mama na shangazi walioko Tanga, Mombasa au Bujumbura huwaelekeza kwa simu, huku wazazi wenzao waliotangulia Ujerumani wakiwaeleza namna ya kupata nafasi katika kituo, namna ya kuzungumza na walimu na mambo ya kujihadhari nayo. Ushauri wa pande zote mbili hutolewa kwa nia njema, na kila mmoja una mantiki yake mahali ulikotoka. Tatizo huanza pale shauri linaposafiri peke yake, likiacha nyuma watu na mazingira yaliyolifanya lifae, na mzazi akadhani kwamba analazimika kuchagua kati ya hekima ya nyumbani na ujuzi wa ugenini.

Taasisi inayotajwa zaidi katika mashauriano hayo ni Kita, yaani kituo cha malezi ya mchana ambacho huwapokea watoto hadi wanapoanza shule wakiwa na umri wa miaka sita hivi. Tangu tarehe 1 Agosti 2013 sheria ya Ujerumani humpa kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja haki ya kupata malezi ya aina hiyo, na jijini Berlin ada ilifutwa kwa watoto wote kuanzia Agosti 2018, isipokuwa mchango wa chakula na gharama nyingine ndogo. Hata hivyo, haki iliyoandikwa na nafasi iliyo wazi ni mambo mawili tofauti, kwa sababu mzazi huomba kwanza hati inayotaja saa ambazo mtoto atahudumiwa kwa siku, kisha hutafuta mwenyewe kituo kitakachompokea, na ndiyo maana shauri la kwanza ambalo mjamzito hupewa na wenzake ni kuanza kubisha hodi vituoni mapema.

Nafasi ikishapatikana, hoja inayozusha mvutano mkubwa ni kwamba mtoto haonekani kusoma. Katika ukumbi wa kuingilia wa kituo, kila mtoto ana ndoano yake yenye picha ya mnyama au tunda, kwa kuwa bado hajui kusoma jina lake, na chini yake hupangwa viatu vya ndani, mabuti ya mpira na suruali ya kuzuia maji, ambayo mtoto wa miaka mitatu hufundishwa kuivaa mwenyewe kabla ya kutoka kwenda kucheza matopeni hata siku ya manyunyu. Bibi aliyeko Dar es Salaam huuliza kama mjukuu ameshaanza kuandika a, e, i, o, u, na akielezwa kwamba amejifunza kufunga zipu ya koti na kungoja zamu yake kwenye bembea, huona kuwa mtoto anapotezewa wakati. Utaratibu huo una historia ndefu, kwani mwalimu Friedrich Fröbel alifungua mwaka 1837, katika mji mdogo wa Bad Blankenburg, taasisi ambayo baadaye aliiita bustani ya watoto, akiamini kwamba mchezo ndiyo kazi hasa ya utotoni na kwamba kupitia mchezo mtoto huupanga ulimwengu akilini mwake.

Wasiwasi wa bibi nao una sababu zake, na hauwezi kupuuzwa kama ushamba. Sera ya elimu ya Tanzania ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa darasa la awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, lakini mijini chekechea za watu binafsi hupokea watoto wadogo zaidi na hushindana kwa sare, madaftari, kazi za kufanyia nyumbani na Kiingereza, kwa kuwa mzazi hutazamia usaili wa kuingia darasa la kwanza katika shule anayoitamani. Mahali ambapo mwalimu mmoja anaweza kukabidhiwa darasa lililofurika, mtoto anayefika akijua herufi ana kinga ambayo mwenzake hana, hivyo bibi anayehimiza kalamu anamtafutia mjukuu kinga hiyo. Gharama yake, hata hivyo, humwangukia mtoto mwenyewe, ambaye huchukuliwa na gari la shule kabla hakujapambazuka na kusinzia kitini hadi afike, na Serikali yenyewe imelazimika kuweka mipaka, kama ilivyofanya Machi 2023 iliposimamisha huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi darasa la nne.

Lakini itakuwa kosa kuhitimisha kwamba mchezo ni wa Ulaya na daftari ni la Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazazi Waislamu wa Mombasa walitafuta chekechea ambayo ingewaandaa watoto wao kwa shule ya msingi bila kuwatenga na dini yao, na kutokana na haja hiyo ulianzishwa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, mpango wa shule za awali za madrasa uliofika baadaye Zanzibar na Uganda. Walimu wake, ambao wengi walikuwa wanawake wa mitaa hiyohiyo, walifundisha kuhesabu na kupanga kwa kutumia makombe ya pwani, mbegu na vifuu vya nazi, wakimwachia mtoto achague, ashike na ajaribu. Kwa hiyo mzazi wa Berlin anayeona haya kumwambia mama yake kwamba mtoto anajifunza kwa kucheza anaweza kumtajia Mombasa kabla ya kumtajia Fröbel.

Mawazo ya malezi yamesafiri pia kutoka Afrika kwenda Ulaya. Vituo vingi vya Berlin hufuata utaratibu wa kumzoesha mtoto hatua kwa hatua, ambapo kwa siku tatu za kwanza mzazi hukaa naye chumbani bila kumwacha, siku ya nne hutoka kwa dakika chache, na muda wa kutengana huongezwa kadiri mtoto anavyokubali kubembelezwa na mlezi mpya, hata kama zoezi zima litachukua wiki kadhaa. Msingi wake ni nadharia ya mfungamano, yaani maelezo ya namna mtoto mchanga anavyojenga usalama wake juu ya mtu anayemtunza kwa uthabiti, na mmoja wa waasisi wake, Mary Ainsworth, aliyachunguza mambo hayo katika miaka ya 1954 na 1955 akitembelea familia za vijijini karibu na Kampala, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1967. Jambo ambalo mzazi wa Kiafrika hulipokea Berlin kama ujuzi wa wenyeji lilisomwa kwa sehemu kutoka kwa akina mama wa Buganda waliowabeba, kuwanyonyesha na kuwatuliza watoto wao mbele ya mtafiti.

Tofauti ya kweli kati ya makazi haya mawili, basi, iko katika idadi ya mikono. Sheria ya kazi ya Tanzania humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84, ilhali Ujerumani humruhusu kila mzazi kukaa nje ya kazi hadi miaka mitatu kwa ajili ya mtoto na humlipa posho kwa sehemu ya muda huo. Pamoja na hayo, mzazi wa pwani ya Afrika Mashariki hukaa arobaini yake akikandwa kwa maji ya moto, akinyweshwa uji wenye pilipili manga na kupokewa mtoto usiku ili apate usingizi, wakati mwenzake wa Berlin anaweza kuwa na likizo ya mwaka mzima na asiwe na mtu wa kumshikia mtoto aende kuoga. Katika arobaini, anayeshauri ndiye huyohuyo anayechemsha maji, hivyo neno lake hupimwa papo hapo na hurekebishwa linapokosea. Kwa simu, neno hufika na mkono hubaki ng'ambo.

Upungufu huo huonekana wazi katika suala la lugha, ambapo wapo wanaomshauri mzazi aache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichelewe katika Kijerumani. Wataalamu wa makuzi ya lugha leo huwahimiza wazazi kuzungumza na watoto lugha wanayoimudu vyema zaidi, kwa sababu lugha ya kwanza iliyokomaa huitegemeza ya pili, na mtoto anayenyamaza kwa miezi kadhaa kituoni au anayechanganya maneno ya lugha mbili kwa kawaida hana kasoro. Kituo kitampa Kijerumani kila siku, lakini hakiwezi kumpa Kiswahili cha kumwamkia babu na kusikiliza hadithi za shangazi, na Kiswahili cha mzazi mmoja aliyechoka jioni nacho hakitoshi, kwani mtoto huhitaji kusikia watu kadhaa wakibishana, wakitaniana na kusimuliana kwa lugha hiyo.

Kutokana na hayo, wazazi wa ughaibuni wanaoshauriana wana deni kubwa kuliko kupashana habari za vituo na hati. Anayemwambia mwenzake adumishe Kiswahili, naye ampokee mwana wa mwenzake Jumamosi, acheze na wa kwake jikoni kukisongwa ugali, na anayesifu utaratibu wa kumzoesha mtoto polepole na ajitolee kumchukua kituoni mtoto mwingine wa mwenzake wakati mwenzake huyo anakaa na yule anayezoeshwa. Mkono mmoja haulei mwana, na waliohama wakaiacha mikono ya jamaa zao hawatailipia kwa maneno mengi zaidi, bali kwa kugawiana saa za siku zao. Ushauri unaokuja pamoja na saa hizo, uwe umetoka Tanga au Berlin, utajirekebisha wenyewe kwa kumtazama mtoto aliye mbele yake.