Uduvi wa Kilindoni

Siku baba anapopika uduvi, ukumbi mzima wa ghorofa yetu pale Kingston Road, Scarborough, unajua. Huununua kwa Watamil wa Markham Road. Huwa umekaushwa na kufungwa kwenye mifuko ya nailoni, mdogo kuliko punje ya mchele, na ukiinamia sahani utayaona macho yake meusi yote yakikutazama. Anauosha mara tatu, anaukaanga mkavu hadi unukie, ndipo anaweka kitunguu, nyanya, tui la kopo na ndimu. Nililetwa Kanada nikiwa na miaka minne. Karibu kila ninachokijua kuhusu Mafia, kisiwa alikozaliwa baba, nilikisikia mezani tukila uduvi uliovuliwa na watu wengine katika bahari nyingine.

Hapo ndipo nilipomsikia potwe kwa mara ya kwanza.

"Uduvi huu," baba alikuwa akisema, "ndio chakula cha samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kichwa kipana kama mlango. Anapita chini ya ngalawa, nawe unakaa kimya hadi amalize kupita." Kisha angeongeza maneno ambayo hakuwahi kuyabadilisha: "Kaskazi ikiisha, anaondoka. Anakokwenda hakujui mtu."

Baba naye aliondoka Kilindoni akiwa kijana. Amerudi mara moja tu, kumzika bibi. Jumapili za kiangazi hutupeleka chini ya Bluffs, yale magenge ya udongo mweupe yanayosimama kando ya Ziwa Ontario, mahali pengine kwa urefu wa mita 90. Ni Elizabeth Simcoe, mke wa gavana Mwingereza, aliyeyatazama mwaka 1793 akakumbuka Scarborough ya kwao Uingereza, na jina likabaki. Baba anayatazama na kukumbuka kwao yeye. Ng'ambo ya ziwa haionekani, mawimbi yanavunjika kama ya bahari, naye kila mara huchovya kidole na kuonja, kama kwamba safari hii huenda kuna chumvi. Septemba tunakwenda Highland Creek kuwatazama samoni wakipanda mto kutaga na kufa. Hao nao ni wa kuletwa, wametoka Pasifiki, kwa kuwa samoni wa asili wa ziwa hili walikwisha kabla karne ya 19 haijaisha. Baba huwahesabu kwa sauti, akafika thelathini, akaacha.

Desemba iliyopita nilikwenda Mafia. Yeye hakuweza, magoti hayamruhusu kukaa saa 13 ndani ya ndege hadi Addis Ababa, halafu nyingine hadi Dar es Salaam. Aliniambia nisipande kindege kidogo cha nusu saa. "Ingia kwa mlango wa watu," alisema. Kwa hiyo nilishika barabara ya kusini, Mbagala, Mkuranga, nikakata kushoto pale Bungu hadi Nyamisati, inakopandiwa meli.

Chombo kilitoka polepole kati ya mikoko ya delta ya Rufiji. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na mama aliyekaa karibu nami, mwenye kapu la maembe, alinionyesha kwa kidole mahali ambapo marehemu baba yake aliwahi kumwona nguva. Nguva wamebaki wachache mno katika mfereji huu wa Rufiji na Mafia, kiasi kwamba watu wanasimulia alivyoonekana kama wanavyosimulia ndoto. Nilitazama maji yale yenye tope na kuona uchafu tu. Ilinichukua siku tatu kujua kwamba nilikuwa nikitazama jiko.

Rufiji unashusha rutuba ya karibu sehemu moja ya tano ya nchi hadi kwenye mfereji ule. Rutuba inalisha vijimea visivyoonekana kwa macho, vijimea vinalisha uduvi, na uduvi unapofunga wingu karibu na ufuko wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, potwe wanaonekana juu. Ndiyo maana maji ya hapo si yale ya buluu ya kwenye picha za watalii. Maji yakiwa safi kama kioo, potwe hana la kula. Naandika haya nikiwa na wasiwasi ambao sitauficha: bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, huko juu ya mto huohuo. Nchi inahitaji umeme, na hilo silibishi. Lakini yeyote anayehesabu potwe wa Kilindoni, naomba ahesabu na tope linalofika baharini.

Kilindoni nilipokelewa na mzee aliyesoma chuo cha Kurani pamoja na baba. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ndefu, akaniinua uso kwa kidevu. "Pua ya bibi yako," akasema. Siku ile sikuulizwa la zaidi.

Siku ya kwanza baharini hatukuona kitu. Boti ilizunguka asubuhi nzima, nahodha amesimama juu ya ubao wa mbele akitafuta kivuli au pezi, jua likatupiga, tukarudi. Niliona aibu kwa kukaribia kulia, mtu mzima, kwa ajili ya samaki. Siku ya pili tulitoka mapema. Kijana anayetuongoza alirudia masharti: mita tatu kutoka ubavuni, nne kutoka mkiani, usimguse, usimkatie njia, usipige picha kwa taa. "Yeye hatakudhuru," alisema, "ila hana breki." Nahodha akanyoosha mkono bila kusema. Tukateleza majini.

Mara ya kwanza niliona ukijani mtupu. Ngozi ilinichoma vichomo vidogo vidogo, kama umepita kwenye vumbi lenye uhai, na nilipotazama kiganja changu mbele ya miwani nikauona: uduvi. Uduvi hai, mwangavu, maelfu kwa maelfu, na macho yake meusi yaleyale. Nikajikuta nimesimama kuutazama, nikasahau nilichofuata.

Kisha ukijani ulifunguka na kuwa mdomo.

Ulikuwa umeachama wote, mpana kuliko mabega yangu mawili, mdomo wa juu umetoka nje ya maji, na ulikuja moja kwa moja bila haraka. Nilipiga mateke nyuma nikanywa maji ya chumvi. Akapinda kidogo, kama mtu anayempisha mtoto mlangoni, akanipita. Ndipo alipoanza kupita, na hakumaliza upesi. Lilikuja jicho, dogo ajabu kwa kichwa kile. Zikaja nyufa tano za matamvua zikifunguka na kufunga, kila moja ndefu kama mkono wangu. Yakaja madoa meupe yaliyopangwa kwa safu juu ya ngozi ya kijivu. Huko Kenya humwita papa shilingi, na wazee wanasimulia kwamba Mungu alipomuumba alifurahi hata akammwagia shilingi mgongoni. Likaja pezi, na penye pezi kovu refu lililonyooka, la aina inayoachwa na panga la injini. Halafu mkia, juu kunizidi, ukaenda kulia, ukaenda kushoto, ukaingia kwenye ukijani. Alikuwa na mita saba hivi. Bado ni kijana. Wanaoonekana Kilindoni wengi ni madume ambao hawajapevuka, na aina hii inaweza kuzidi mita 15. Majike wakubwa ni nadra kuonekana hapa. Mwaka 1995 jike mmoja aliyevuliwa Taiwan alikutwa na watoto 300 tumboni, na hadi leo wanasayansi hawajapata mahali wanapokwenda kuzaa.

Tuliingia majini mara nne asubuhi ile. Mara ya tatu nilifaulu kupiga picha ya ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, kama kijana alivyonisisitizia. Madoa ya sehemu hiyo ni kama alama za vidole, hayafanani kati ya potwe wawili. Programu inayoyalinganisha ilitoholewa kutoka hesabu za wanajimu, walizotumia kulinganisha picha za nyota zilizopigwa na darubini ya Hubble. Mtu yeyote aliyepiga picha, hata akiwa ni mgeni wa siku moja kutoka Scarborough, anaweza kuituma, akaambiwa ni potwe yupi. Kwa njia hiyo, wanaojulikana Mafia mmojammoja wameshapita mia.

Jioni nilimweleza mzee. Tulikaa kwenye gogo, ngalawa zimepandishwa pwani, kina mama wakianika dagaa. Alinisikiliza, akasema zamani hawakumpenda. Akiingia kwenye nyavu alizichana, na hasara ilikuwa ya mwenye chombo. Mafuta ya maini ya papa, sifa, yalipakwa majahazi yasioze, na papa ni papa. Lakini wavuvi wa dagaa walijua pia kwamba alipo potwe ndipo dagaa walipo, na hadi leo nyavu za kuzungushia hutupwa karibu naye. Akizingirwa, vijana huizamisha kamba ya maboya ili apite juu yake atoke. "Inachukua muda, na dagaa wengine wanatoka naye," alisema. "Tunavumilia." Naona neno hilo ndilo zito katika ulinzi wote wa mnyama huyu. Mwaka 2016 aliorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka. Ipo hifadhi ya bahari ya Mafia tangu 1995, ya kilomita za mraba 822, na ina kazi yake kwa matumbawe na kasa wa kusini mwa kisiwa. Lakini potwe analisha upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, nje ya mipaka hiyo. Ulinzi wake wa kila siku uko mikononi mwa watu wanaokubali dagaa wachache watoroke.

Nikamuuliza lile la baba: kaskazi ikiisha, wanakwenda wapi?

"Baba yako kakwambia wanaondoka?" Akacheka. "Sote tulisema hivyo."

Wanasayansi nao walisema hivyo, na walikuwa na sababu. Potwe anaweza kusafiri mno: jike mmoja aliyepewa jina la Anne alifuatwa kwa satelaiti kutoka Panama, akavuka Pasifiki nzima, zaidi ya kilomita 20,000. Lakini hapa Mafia walifanya jambo la ziada. Waliwabandika potwe vifaa vidogo vinavyotoa mlio, na chini ya bahari wakafunga vinasa sauti vya kuusikiliza. Kwa miaka miwili walilinganisha macho na masikio. Macho yalisema kuanzia Machi hadi Septemba hakuna potwe. Masikio yalisema wapo, wale wale, mwaka mzima. Walikuwa wamesogea nje kidogo na kushuka kina kirefu zaidi, pengine wakifuata chakula. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015, na kwangu ndio habari kubwa kuliko mita zake zote. Kwa kuwa kama anakaa hapa, basi wavu unaotegwa kina kirefu mwezi wa Juni unamhusu, na sheria ya msimu wa watalii haimtoshi.

Mzee alinyamaza, kisha akaniambia nimfuate. Tulipita nyuma ya msikiti, tukashika njia ya mchanga hadi kwenye shamba la minazi, limepaliliwa safi, mashina yamepakwa chokaa. Nilidhani ni lake.

"Hii ya baba yako," akasema. "Ishirini na sita. Kila mwezi wa Rajabu anatuma pesa ya kupalilia. Na kile chombo cha buluu ulichokiona pwani, fungu moja ni lake. Nyavu zikichanika, tunampigia."

Sikuwa nikilijua hilo. Miaka yote tumeishi nyumba moja.

Saa mbili usiku nilimpigia simu. Scarborough ilikuwa saa sita mchana, na kwa nyuma nilisikia mwiko ukigonga sufuria.

"Umemwona?" aliuliza kabla hatujaamkiana.

"Nimemwona, baba. Na haondoki. Yupo hapo hapo mwaka mzima, ila anashuka chini."

Mwiko ulinyamaza.

"Nani kasema?"

Nikamweleza vinasa sauti, milio, miaka miwili. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, bila kukatiza. Halafu nikamwambia kwamba nimeonyeshwa minazi.

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani salio limekwisha.

"Ule wa mwisho, karibu na kisima," akasema, "bado unazaa?"

Nilikuwa sikuutazama. Nikamwambia nitakwenda alfajiri.