Vitabu vyangu vya uongo

Wamama wapendwa, kila siku ya likelemba mnaniona na kitabu chini ya mkono, na karibu kila mara kuna mmoja anayeuliza: "Mama Mwalimu, hiyo ni Biblia ao ni kitabu cha masomo?" Si Biblia, na si cha masomo. Ni vitabu vya mambo yasiyokuwepo: nchi zinazoelea angani, vyombo vinavyosafiri kati ya nyota, msichana anayegeuka ndege. Bwana yangu anaviita "vitabu vyako vya uongo", na jina hilo limebaki nyumbani kwetu.

Nimeombwa niandike nimesoma nini trimestri hii. Nitaandika, lakini nitaanza na lawama mbili, sababu zinanifuata tangu muda mrefu.

Ya kwanza ni ya wakati. Makala yamepanda, unga wa bukari umepanda, mama anaamka saa kumi ya asubuhi kutafuta maji. Nani atasoma habari za nyota? Hiyo naielewa. Mimi mwenyewe nasoma kurasa mbili wakati maharagi yanachemka, na usiku, umeme ukikatika, nasoma kwa taa ya telefone mpaka chaji inakwisha. Kitabu kimoja kinanichukua miezi miwili. Sioni haya kwa hilo.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Mama mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba vitabu vya namna hiyo vinafungua mlango kwa shetani, sana-sana kwa watoto. Nilimuuliza kama bibi yake hakumsimulia habari za Kalulu. Akacheka. Sisi wote hapa tulilala na Kalulu masikioni, sungura anayesema, anayekopa na kukataa kulipa, anayemdanganya tembo mchana kweupe. Hakuna aliyesema bibi ni mwongo ao kwamba anasema na mizimu. Na katika nyumba ngapi za Likasi na Lubumbashi wazee wetu walitundika picha ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, ukutani pa chumba cha wageni, mahali wageni wanakunywa chai? Tulizoea mambo ya ajabu tangu zamani. Yakiandikwa tu kwenye karatasi, ndipo tunaogopa.

Haya, vitabu.

Kimoja ni cha Kiswahili, na ndicho nawaombea wote mkisome: Kusadikika, cha Shaaban Robert wa Tanganyika, kilichotoka mwaka 1951. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Kijana mmoja, Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme kwa sababu anataka kuwafundisha watu sheria. Katika kujitetea anakumbusha habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, watafute mambo mema. Kila mmoja aliteseka njiani, kila mmoja alirudi na habari nzuri, na kila mmoja akatupwa gerezani. Mwisho wake sitausema. Kiswahili chake ni cha pwani, si chetu. Kuna maneno niliyorudia mara tatu, na mengine niliyaruka nikaendelea. Lakini yule mjumbe aliyeshuka ardhini, sisi watu wa Kambove tunamjua. Tunaishi juu ya mashimo.

Cha Jules Verne, Cinq semaines en ballon, cha mwaka 1863, nilikisoma haraka na kwa hasira kidogo. Wazungu watatu wanaruka na puto kutoka Zanzibar, wanavuka Afrika mpaka Senegal. Yeye mwenyewe alipokiandika hakuwa amefika huku. Puto ni zuri, upepo unaelezwa vizuri, watoto wa masomo watajifunza jiografia. Sisi tuliomo chini ya puto ndio ametuharibu: mahali pamoja watu wanadhani puto ni mwezi, na mahali pengine wasafiri wanafanya mzaha kwamba kwa mbali ni vigumu kututofautisha na nyani. Mama akimpa mtoto kitabu hicho, akae naye karibu.

Nikafika kwa Nnedi Okorafor. Huyu mama alizaliwa Marekani mwaka 1974, wazazi wake ni Waigbo wa Nigeria, na siku hizi ndiye ninayemsoma kuliko wote. Qui a peur de la mort ? ni kitabu chake kilichopata mwaka 2011 tuzo kubwa ambayo dunia inatoa kwa riwaya za namna hii. Si cha watoto, nasema wazi. Kinasimulia Sudan ya siku zijazo, vita kati ya watu wawili, na wanawake wanaobakwa ili kabila lao livunjike. Mtoto anazaliwa na ubaya huo. Anaitwa Onyesonwu, jina la Kiigbo ambalo maana yake ndiyo jina la kitabu. Mama yake anamlea peke yake jangwani mpaka anafikia miaka sita, sababu anajua watu watamfanya nini. Na kweli wakifika mjini, watu wanamtazama ile rangi yake na kusema: aliyezaliwa kwa ukatili ataleta ukatili. Mtoto hajafanya kitu, amekwisha kuhukumiwa. Baadaye anajikuta na uwezo wa ajabu, anageuka ndege, na mzee mwenye ujuzi huo anakataa kumfundisha kwa kuwa ni msichana.

Nilisoma sehemu ile ya jangwani nikafunga kitabu siku tatu. Niliwaza dada zetu wa Kivu na wa Ituri. Niliwaza pia mambo yaliyotokea karibu zaidi, ambayo ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Mwaka uliopita niliwapa watoto wa mwaka wa tano wa primeri kazi ya kuandika: "Safari yangu." Wengi waliandika walikwenda Lubumbashi kwa shangazi, wakala kuku, wakarudi. Msichana mmoja, sitamtaja, aliandika kwamba usiku anashuka chini ya kilima, ambako kuna watu wenye taa mahali pa macho. Watu hao hawalali, wanapiga ukuta wa mawe kwa nyundo, na walimpa chakula akala. Nilimpa tisa juu ya kumi. Nilikata moja juu ya nukta.

Daftari lilifika nyumbani. Katika nyumba hiyo mtoto mchanga alikuwa anaugua tangu wiki mbili. Shangazi alisoma, akafika kwenye neno "alikula", na mnajua kwetu kula usiku kwa watu usiowajua kunasomwa namna gani. Katika kikundi kimoja cha maombi ikasemwa kwamba mtoto ameungama mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba ni mulozi. Wakamfungisha chakula ili wamwombee. Siku ya tatu alipokosa masomo, mwenzake wa benchi aliniambia.

Tulikwenda wamama watatu wa chama. Nilibeba daftari. Hatukwenda kugombana, tulikaa, tuliuliza hali ya mtoto mchanga, mmoja wetu ambaye ni muuguzi alimtazama, akasema apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na akapelekwa. Kisha nikafungua daftari nikawaonyesha ule wino mwekundu: hii ni kazi niliyoitoa mimi, na hii ndiyo alama niliyompa. Nikamwita msichana nikamuuliza mbele ya wote, wale watu wenye taa umewatoa wapi? Akajibu kwa sauti ndogo sana: "Ni wachimbaji, Madamu. Jioni wanatoka kwenye shimo, taa iko kwenye kichwa. Huwezi kuona macho yao." Na chakula? Siku moja mchimbaji mmoja alimpa kipande cha mkate.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mjomba wake, ambaye naye anachimba, alitoka nje.

Wamama, sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Wengi hatuijui. Lakini siku ile sheria sikuitaja. Ule mkate ulitosha. Msichana alirudi masomo juma lililofuata, na mtoto mchanga alipona. Ila tangu siku hiyo, nikitoa kazi ya kuandika, ananiletea mistari mitano: jua linawaka, mvua inanyesha, mama anapika. Hakuna kosa hata moja. Nukta zote ziko mahali pake. Ilinitia uchungu kuliko mnavyoweza kufikiri.

Kuna habari nyingine ambayo niliikuta katika kusoma kwangu, nayo inahusu kilima kilekile. Mwaka 1914 Mwingereza H. G. Wells alitoa riwaya, The World Set Free. Ndani yake marubani wanadondosha juu ya miji bomu za atomi. Wakati huo bomu hiyo haikuwepo popote duniani; alibuni tu. Mwaka uliofuata, 1915, urani iligunduliwa Shinkolobwe, hapa kwenye teritware yetu ya Kambove. Mwaka 1932 mwanasayansi mmoja mzaliwa wa Hungaria, Leo Szilard, alisoma kitabu cha Wells, na mwaka 1933 akapata wazo la namna nguvu ya atomi inavyoweza kufunguliwa. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu ilianguka Hiroshima, na sehemu kubwa ya urani ya kazi ile ya Wamarekani ilikuwa imetoka Shinkolobwe, imechimbwa na mikono ya babu zetu.

Nimelifikiri sana hilo nikipiga pasi. Mtu mmoja alikaa akawaza jambo la kutisha juu ya mawe, na hakuna aliyemfungia chakula. Walichapisha, wakauza, wasomi wakasoma. Mtoto wa Kambove akiwaza juu ya mawe anayoyakanyaga kila siku, tunamwekea mikono kichwani.

Ndiyo maana Ijumaa baada ya masomo nilianza kuwasomea watoto wanaotaka kubaki. Nilichagua Binti, kitabu kingine cha Okorafor, cha mwaka 2015. Jina ni letu, wala halihitaji kufasiriwa. Binti ana miaka 16, ni Mhimba, wale watu wa kaskazini ya Namibia ambao wanawake wao wanajipaka udongo mwekundu na mafuta. Ni hodari wa hesabu kupita wote. Anapata nafasi katika masomo makubwa yaliyo kwenye sayari nyingine, wa kwanza katika watu wake, na jamaa wote wanakataa: baba alitaka arithi duka lake. Anatoka alfajiri bila kuaga. Njiani abiria wengine wanamgusa nywele na kumcheka juu ya ule udongo. Kisha chombo kinavamiwa na viumbe wanaofanana na samaki wa mwavuli wa baharini, karibu wote wanauawa, na Binti anabaki peke yake chumbani na hesabu zake na kopo la udongo wa kwao. Udongo huo ndio unaomwokoa, kwa namna ambayo sitawaharibia.

Nasoma Kifaransa kimoyomoyo, nasema Kiswahili kwa sauti. Inachosha, lakini watoto hawaoni. Ardhi yetu ni nyekundu. Sikuhitaji kueleza udongo. Nilichohitaji kueleza ni kwa nini Binti hakuaga, na hapo wasichana waligawanyika, wengine wakisema ana adabu mbaya, wengine wakisema angeaga wangemfungia mlango. Mimi mwenyewe, kama mama, bado sijajua niko upande gani. Ningelia mwaka mzima.

Yule msichana anakaa nyuma, karibu na mlango. Kwa Ijumaa nne hakusema neno. Ya tano, wengine walipokwisha kutoka, alikuja mezani akagusa telefone yangu.

"Madamu, huyu mama aliyeandika hii, walimfanya nini?"

Nikamwambia: walimpa tuzo mbili kwa kitabu hicho, Hugo na Nebula, ambazo ndizo kubwa katika kazi hiyo, wakamwomba aendelee, akaandika cha pili na cha tatu.

Aliniangalia kama anayepima kama ninasema kweli. Akauliza kama hicho cha pili nami ninacho. Ninacho.

Kwa wale wanaotaka kuazima: Binti iko kwenye telefone tu, kwa hiyo njooni Ijumaa msikilize pamoja na watoto, mkae kwenye benchi za nyuma, zile za mbele ni ndogo. Qui a peur de la mort ? kiko kwa mama muuguzi, na baada yake kuna majina matatu. Nirudie, si cha watoto, kiwekeni juu ya kabati. Kusadikika iko kwa mama mwenye butiki karibu na soko, ataileta siku ya likelemba. Tafadhali msikunje kurasa zake. Jalada lilikwisha kutoka, nimelishona kwa uzi mweusi.