Kutoka Pate Hadi Mombasa: Safari ya Figo

Maji ya Mtangawanda hayamngoji mtu. Alfajiri ile, baada ya swala, tulimpandisha shangazi yetu chomboni kwa haraka, kwani Mkanda haupitiki maji yakipwa. Kutoka Lamu tulivuka hadi Mokowe, tukapanda basi. Tukaipita Witu, tukauvuka Mto Tana pale Garsen, tukaishika njia ya Malindi. Baada ya zaidi ya kilomita 300 tuliingia Mombasa usiku, miguu ya shangazi imevimba kwa maji ambayo mafigo yake hayakuweza tena kuyatoa.

Asubuhi daktari alitueleza kuwa njia za kusafisha damu ni mbili. Ya kwanza ni ya mashine: damu hutolewa mwilini, huchujwa, kisha hurudishwa. Kazi hiyo huchukua takribani saa nne, mara mbili au tatu kwa wiki, hospitalini. Ya pili ni ya tumboni: mrija laini hupachikwa kwa upasuaji, maji maalumu hutiwa tumboni, hukaa saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha hutolewa. Hii hufanyika nyumbani, aghalabu mara nne kwa siku, kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe au jamaa aliyefunzwa.

Usiku ule, katika nyumba ya binti yake huko Mji wa Kale, tulipima kila jambo. Njia ya tumbo ingemrudisha Pate, kwenye kitanda chake na jirani zake. Lakini kila mara hutiwa kama lita mbili, basi ni lita nane kwa siku, nazo zote zingevushwa baharini, hata wakati wa kusi. Hospitali nyingi nchini hutumia mashine, na njia ya tumbo ni adimu. Tena yataka chumba safi na mikono iliyooshwa vyema, kwani vijidudu vikiingia kwenye mrija, tumbo huambukizwa, na tiba i mbali.

Mashine nayo ina gharama yake. Humfunga mtu karibu na hospitali, humchosha, na huipa familia kazi ya nauli na zamu za kumsindikiza.

Tulibishana hadi usiku wa manane. Kaka zetu walisema hili, sisi wanawake tukasema lile. Ndipo sauti ikatoka pembeni: “Wanangu, mwili ni wangu. Mbona hamjaniuliza mimi?”

Tuliinamisha vichwa. Kweli, hata mbele ya daktari tulikuwa tumemjibia sisi.

Shangazi alichagua mashine. Alisema macho yake hayaoni vyema kushika mirija, wala hataki mjukuu aache chuo ili awe muuguzi wake. Alijua pia alichokipoteza: Pate sasa ataizuru kwa siku mbili tu, kisha arudi. Aliomba jambo moja, nyumba yake isifungwe, ifagiliwe kila Ijumaa.

Ndugu zetu, mkifika njia panda hiyo, ulizeni gharama, umbali na nani atasaidia. Lakini kwanza muulizeni mgonjwa, hasa akiwa mama aliyezoea kunyamaza. Mola awaafu wagonjwa wetu wote, Amin.