Usimtwishe Mungu Maneno Yako

Lugulu, Bungoma

Mwanangu,

Huku tu wazima. Mguu wangu ni ule ule, palizi imekwisha, na yule ng'ombe mweupe amezaa dume tena. Hayo tuyaache.

Nimesikia unauza ekari mbili za Saboti. Sikusikia kwako. Nilisikia sokoni Chwele kwa mama muuza vitunguu, akanipa pole akidhani nina habari. Nikaambiwa pia kwamba sehemu ya pesa ni ya wakala wa kazi za Qatar, na sehemu ni sadaka, ile wanayoiita mbegu, utakayopanda kwa nabii mmoja wa hapo Kitale aliyekuona katika maono ukipanda ndege. Nilimpigia mkeo simu. Hakukana, alilia tu. Nilipokupigia wewe ulinijibu, "Shangazi, Mungu amesema nami," ukakata.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Sikukatazi safari. Kijana mwenye watoto kutaka mshahara si dhambi, na bei ya mahindi naijua, mimi pia nalima. Kinachoninyima usingizi ni huko kumtanguliza Mungu. Ukisema, "Nataka kwenda Qatar," mkeo ataweza kukuuliza mshahara ni kiasi gani, nami nitakuuliza nani atalima. Ukisema Mungu amesema, umetufunga midomo sote, kwa sababu atakayeuliza ataonekana anabishana na Mwenyezi. Yesu hakufanya hivyo pale Gethsemane. Alisema wazi anachotaka, kwamba kikombe kile kimwepuke, ndipo akamwachia Baba aamue. Tena aliwaomba wenzake watatu wakeshe naye. Walilala, ndiyo, lakini aliwaomba. Wewe umemwomba nani?

Baba yako naye aliwahi kuja kwangu na maneno hayo hayo. Huenda hakukusimulia, maana hakupenda yakumbushwe. Ilikuwa 1992, wakati wa vita vya kikabila. Nyumba zilichomwa upande wa Endebess na Saboti, watu wakalala kwenye viwanja vya makanisa. Alifika hapa usiku na mfuko mmoja, akasema Mungu amemwonyesha auze shamba lote anunue duka Webuye, karibu na kiwanda cha karatasi. Mnunuzi alikuwa tayari. Bei yenyewe ilikuwa ya mtu anayekimbia, na mnunuzi alijua.

Sikumbishia. Nilimpeleka kwa wazee wa mkutano wetu. Unajua sisi wa Kanisa la Friends, Quaker, hatupigi kura. Karani huketi akasikiliza mpaka aone watu wamekuwa na nia moja, na kama haijapatikana, jambo hungoja, hata likingoja mwaka. Baba yako alizungumza kwa muda mrefu, kwa ufasaha, alikuwa na ulimi mzuri kuliko sisi wote. Alipomaliza tulinyamaza. Kisha bibi mmoja mzee, ambaye kwa kawaida alikuja kwenye vikao hivyo akasinzia, akamuuliza: "Na kama huyo mnunuzi hangekuja, Mungu angekuwa amesema nini?"

Hakujibu. Alikasirika, tena alinikasirikia mimi niliyempeleka. Wazee hawakumwambia auze wala asiuze, walimwomba angoje msimu wa kupanda. Alikaa kwangu akila ugali wangu bila kunisemesha. Mvua ziliponyesha, na kule kukiwa kumetulia kidogo, akachukua jembe akarudi. Kabla ya kuondoka aliniambia neno moja la maana, kwamba alipokuwa amenyamaza vile ndipo alipojua kuwa aliyekuwa akisema naye usiku wote ni woga.

Sasa usije ukadhani nasema Mungu alimlipa kwa kubaki. Mahindi yalikataa miaka mingine, na 2017 uliona mwenyewe viwavijeshi walivyokula shamba. Kweli, kiwanda cha Webuye kilifungwa 2009 na maduka mengi yakadorora, lakini hilo hakuna aliyelijua 1992, hata wazee wetu. Ninachosema ni kwamba uamuzi ule haukuwa wake peke yake, kwa hiyo mahindi yalipokataa hakulazimika kumlaumu Mungu wala kumtetea. Asante hakunipa mpaka anakufa. Na wewe usisahau kwamba karo yako ya kidato cha tatu ilitoka kwenye ng'ombe wangu, si kwenye maono ya mtu.

Hatari hiyo babu yako, ambaye umebeba jina lake, aliiona pia: alimfahamu Elijah Masinde wa Kimilili, mcheza mpira hodari aliyefika hadi kuichezea Kenya. Masinde alikuwa Friend kama sisi kabla ya kutengwa kwa kuoa mke wa pili. Aliposema wazungu warudishe ardhi alisema haki. Mkoloni alimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili Mathari, na baada ya polisi kuwaua watu 11 pale Malakisi, Februari 1948, akapelekwa uhamishoni Lamu. Simlaumu kwa risasi za wengine. Lakini babu yako alikuwa akisema kwamba ndani ya dini aliyoiongoza, Dini ya Msambwa, hapakuwa na mtu wa kumwambia Elijah, hili ni la Mungu na hili ni lako. Watu wa Kimilili watanipinga. Wapinge.

Hata serikali inakushinda kwa kuuliza, mwanangu. Huwezi kuuza shamba bila idhini ya bodi ya ardhi, na bodi itataka kujua mkeo anasemaje. Serikali inamuuliza mkeo, wewe uliyemwoa kanisani humuulizi!

Kuhusu hiyo mbegu ya nabii: unaishi Kitale, mji ambako kampuni ya Kenya Seed imeuza mbegu tangu 1956. Mbegu yao ina pakiti, ina tarehe, na isipoota unajua ofisi ya kwenda. Ya nabii itakapokosa kuota atakuambia imani yako ilikuwa ndogo.

Wakala huyo mtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kumpa hata shilingi. Usikope kwenye simu. Na usifunge siku tatu, una vidonda vya tumbo tangu shule.

Nilimwambia karani wa sasa kuhusu habari yako, bila kutaja bei. Mkutano wa mwezi ni Jumamosi ijayo, saa nne. Ukija, useme tu unachokitaka, kwa jina lake: pesa, au kuchoka na shamba, au aibu kwa sababu wenzako wamejenga. Hakuna atakayekucheka. Labda tutaona uende, nami nitakusindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Eldoret. Labda tutaona ungoje. Sijui, na nabii wako hajui.

Njoo na mkeo. Hati ya shamba iache nyumbani, na huyo mnunuzi asikusindikize. Nauli nimeituma, lakini nimeituma kwenye simu ya mkeo.

Ni mimi shangazi yako.