Pini Saba

Kuna video kwa simu yangu, ya dakika 53, ambayo sijawahi kuiweka mahali popote. Ndani yake naonekana nimekaa chini kwa kapeti, vesti nyeupe, bisibisi mkononi, naongea kama fundi wa miaka 20. "Wasee, leo tunaunda kompyuta yetu ya kwanza." Tunaunda! Mimi na nani? Nilikuwa peke yangu kejani, Kahawa West, saa nne usiku, na jirani alikuwa ashagonga ukuta mara moja.

Kwenye dakika ya 41 kuna sauti. Tk. Ni sauti ndogo, kama ya mtu akivunja kijiti cha meno. Baada ya hapo siongei tena hadi video iishe.

Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza niliunda vipi mashine ninayotumia kuhariri, na nimekuwa nikiwapa jibu la mkato: nilinunua vipande mtumba, nikaunganisha, ikawaka. Hilo jibu ni nusu uongo. Leo wacha niwape lingine.

Stori ya kuacha chuo nishaisema, siirudii. Uhandisi, mwaka wa tatu, fii zikakataa, nikatoka. Nilibaki na laptopu ya RAM 4GB iliyokuwa ikichukua usiku mzima kutoa video ya dakika nane, na nusu ya hizo siku naamka asubuhi napata imejizima. Nikapata kazi ya kuhariri ruracio ya watu fulani, deposit elfu nane nikala, video inatakiwa Jumamosi. Laptopu hata kufungua hizo faili ilishindwa.

Mathe ndiye alinitoa. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, na hizo pesa alikuwa amezipangia tangi la maji, kwa sababu kwetu maji hukuja siku mbili kwa wiki. Akanitumia elfu ishirini. Hakusema mengi. Alisema tu, "Kama ni hiyo ndiyo ofisi yako, basi nunua ofisi."

Nikaongeza akiba yangu, nikazunguka Luthuli na Moi Avenue wiki mbili nikiuliza bei kama mtu wa kaunti. Prosesa Ryzen 5 3600 ya mtumba. Madabodi ya B450. RAM mbili za 8GB. SSD. Kadi ya grafiki GTX 1660 Super, hiyo pia mtumba. Pawa saplai ya wati 550 niliyonunua mpya kwa sababu hiyo kitu siwezi kuamini ya mtu mwingine. Kasha la bei rahisi lenye taa. Jumla 61,500. Sijawahi kushika kitu cha bei hiyo maishani mwangu, na sasa nilikuwa nimekishika kikiwa vipande vipande.

Kuunganisha kwenyewe kulienda poa, ukweli usemwe. Nilikuwa nimeangalia video kama tisa. Kila kitu kina pembe yake na tundu lake, na ukitulia huwezi kukosea sana. Saa nne na kitu nikabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa zikawaka, nikapiga nduru. Halafu nikaangalia skrini. Nyeusi. Haioni signali.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angetulia. Angekunywa maji. Angeangalia kwanza vitu vya nje, vile visivyohitaji bisibisi. Mimi nilienda moja kwa moja kwa moyo wa mashine. Nilijiambia prosesa haijakaa vizuri, na nikaanza kufungua skrubu nne za ile feni kubwa inayokaa juu yake. Nikavuta. Ikakataa. Nikavuta na nguvu.

Tk.

Wacha niwaeleze kilichotokea, kwa sababu mkinunua mtumba huenda mkakutana nacho. Kati ya feni na prosesa kuna girisi ya kijivu inayopitisha joto. Ikipoa, hiyo girisi hushika kama gundi. Nilivyovuta feni, prosesa ikang'oka nayo kutoka kwenye soketi, wakati kile kijiti cha kuifungia bado kiko chini, kimefunga. Na prosesa za soketi ya AM4 zina pini zake chini ya tumbo, pini 1,331, nyembamba kuliko sindano. Intel walihamisha pini zao kwenye madabodi tangu 2004, na AMD wakafanya hivyo 2022 walipoleta AM5. Lakini mtumba wa Nairobi umejaa AM4, kwa hivyo hizo pini bado ni shida yetu sisi. Nilichotakiwa kufanya ni kuiacha imewaka dakika kadhaa girisi ipate joto na kulainika, niizime, halafu niizungushe feni kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinua. Hakuna nguvu inayohitajika.

Kibaya zaidi, hata hapo nilikuwa bado sijaharibu kitu. Niliangalia, pini zote zilikuwa zimesimama. Ila prosesa ilikuwa bado imeganda chini ya feni, na mimi nikachukua kisu cha jikoni, kile cha kukata sukuma, nikaanza kuibandua. Ikaruka. Ikaanguka kwenye sakafu pale kapeti inapoishia, ikiwa imetanguliza pini.

Nikawasha tochi ya simu. Pini saba kwenye kona zimelala. Tano zimeinama kama nyasi, mbili zimelala kabisa.

Dakika kumi baadaye Mathe akapiga. Huwa halali mapema. "Imewaka?"

"Imewaka, mama."

"Asante Mungu." Akakata simu akalale.

Kwa hayo yote, hiyo ndiyo sehemu inayonichoma hadi leo. Sio pini.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa simu pale steji, mzee ninayemheshimu. Akaivalia ile miwani yake ya lenzi, akaiangalia muda mrefu. Akaniambia, "Kijana, naweza kujaribu kwa 3,500. Lakini ikivunjika, imevunjika ikiwa yako." Nilimwelewa. Hakukuwa na ubaya. Shida ni kwamba nilikuwa na 1,100 kwa M-Pesa na hiyo ilikuwa ya chakula.

Nikarudi kejani. Kwenye zile video tisa hakuna hata moja iliyoonyesha mtu akiangusha kitu, kwa hivyo nikatafuta nyingine, za watu wasiojulikana wenye mikono inayotetemeka. Wengi walisema kitu kimoja: tafuta penseli ya kubonyeza, ile ya 0.5, toa risasi yote ndani, ibaki tupu. Mdomo wake wa chuma unaingia juu ya pini moja peke yake, na unaweza kuiinua pole pole bila kugusa jirani zake.

Hiyo penseli nilikuwa nayo. Nilipotoka chuo niliuza kikokotoo, nikauza tii skweya, hata vitabu. Penseli ya kuchorea haikupata mnunuzi. Ilikuwa kwenye mkebe na betri zilizokufa.

Nikaweka prosesa juu ya taulo karibu na dirisha, nikagusa chuma cha grili kwanza nitoe umeme tuli mwilini, simu ikiwa imesimama kwenye sufuria, imezumu. Zile tano za kuinama zilisimama ndani ya saa moja. Nilikuwa nachukua wembe, napitisha katikati ya mistari kama mtu anayepanga nywele, kuona kama zimenyooka. Ya sita, iliyolala kabisa, ilichukua karibu saa nzima peke yake. Niliiinua kidogo, napumzika, kidogo, napumzika. Shingo iliuma hadi nikahisi kutapika.

Ya saba niliinua kupita kiasi. Ikaegemea upande wa pili. Na nilijua. Nilikaa kwenye darasa la vifaa vya uhandisi mwaka wa pili nikafundishwa kwamba chuma ukikikunja na kukikunjua, pale ulipokikunja kinakuwa kigumu zaidi, na kila ukirudia unakisogeza karibu na kuvunjika. Niliandika hadi noti. Nilipata C kwa hilo somo. Nilijua, na bado nikairudisha, kwa sababu niliona ikibaki pembeni kidogo hivyo inaniudhi macho.

Ikakatika. Haikutoa hata sauti.

Nikatafuta mchoro wa pini za AM4, nikahesabu safu kwa kidole mara nne. Ilikuwa upande wa laini za memori. Pini nyingi za prosesa ni za umeme na za ardhi, na ukipoteza moja ya hizo huenda usione tofauti. Yangu haikuwa ya hizo.

Nikaisafisha na spiriti na pamba. Girisi mpya nilinunua kwa 250, na ndiyo, nilifikiria kutumia dawa ya meno kwa sababu kuna msee aliniambia inafanya. Inafanya kwa muda mfupi halafu inakauka, na prosesa yako inaanza kupika. Weka tone moja katikati, kama punje ya ndengu. Prosesa nikaishusha kwenye soketi, ile pembe ya dhahabu ikitazamana na alama yake, na ikaingia kwa uzito wake. Kama huna haja ya kusukuma, iko sawa. Nikashusha kijiti. Nikafunga feni. Nikawasha.

Skrini nyeusi. Haioni signali.

Nilikaa chini nikaangalia ukuta. Ilikuwa Alhamisi jioni. Nilikuwa tayari nawaza nitauza nini nirudishe deposit, na nitamwambia nini Mathe kuhusu tangi.

Binamu yangu alikuwa ameingia kuomba Wi-Fi. Ana miaka 14, hajawahi kufungua hata rimoti. Akasimama nyuma ya kompyuta akila mandazi. "Kwani hii waya ya skrini mbona umeichomeka hapa juu? Si kuna tundu zingine kama hizi hapa chini?"

Ryzen 5 3600 haina grafiki ndani yake. Zile zenye herufi G mwishoni mwa jina ndizo zina. Kwa hivyo tundu la HDMI la madabodi yangu lilikuwa pambo tu, na waya ilitakiwa kuchomekwa kwenye kadi ya grafiki, inchi chache chini. Nikaihamisha. Skrini ikawaka.

Fikirieni hilo. Ule usiku wa kwanza hakukuwa na kitu chochote kibaya. Nilifungua mashine nzima iliyokuwa sawa.

Binamu akaniangalia nikicheka na kulia kwa wakati mmoja, akachukua mandazi yake akaenda. Hajawahi kujua.

Kulikuwa na jambo moja limebaki: kompyuta iliona RAM ya 8GB badala ya 16. Ile pini ya saba. Madabodi yenye tundu nne za RAM huwa na njia mbili, tundu mbili kwa kila njia, na njia yangu moja ilikuwa imekufa. Kawaida unaweka RAM moja kwa kila njia ili zifanye kazi pamoja kwa kasi. Mimi nikazihamisha zote mbili kwenye ile njia iliyobaki hai, zikakaa bega kwa bega. Zikasoma 16. Kasi ya memori imepungua, naisikia nikifungua mradi mkubwa, lakini ile ruracio ilitoka chini ya nusu saa. Niliipeleka Jumamosi saa moja usiku, na mteja alilalamika kuhusu muziki tu.

Sasa, kwa nini sijawahi kuweka ile video? Kwa sababu kwenye hii kazi yetu tunakata. Mimi pia nakata, msidhani najitoa. Nikikosea neno, nakata. Nikiangusha kamera, nakata. Halafu mtu wa miaka 19 anaangalia nyuso zetu zilizotulia, anajaribu kwake, inakataa, na anadhani ni yeye peke yake duniani mkono wake unatetemeka. Wale walionisaidia hawakuwa na taa nzuri wala maikrofoni. Walikuwa tu wameacha kosa ndani ya video. Kwa hivyo nitaiweka ijayo, dakika zote 53, pamoja na kisu cha sukuma.

Ila kabla ya kuwaonyesha nyinyi ilibidi nimwambie Mathe kwanza. Nilienda nyumbani Jumapili moja. Nilikuwa nimebeba ile pini, nimeibandika kwa selotepu kwenye karatasi nyeupe, kwa sababu nilihisi nikieleza kwa mdomo hataelewa. Akaivalia miwani. Akaigeuza karatasi. Akaisogeza karibu na dirisha.

"Hiki?"

"Hicho."

"Hiki ndicho kilikufanya unidanganye saa tano usiku?"

Sikuwa na jibu. Akanirudishia karatasi, akaniambia niende nikachote maji, mtungi ulikuwa umeisha. Nilichota mitungi sita.

Tangi bado. La lita 1,000 nimeshalipia nusu.