Programu ya Kutafutana: Kabla ya Kuiweka Hewani

Tunawaandikia jamaa za Rhino Camp na Imvepi upande wa Arua, na za Lobule kule Koboko. Wengi wanatuuliza: nyinyi vijana, kila jioni mnafanya nini na ile kompyuta? Basi tuwajibu.

Tunatengeneza programu ya intaneti ya jamaa zinazotafutana. Karibu kila nyumba hapa iko na mtu ambaye haijulikani yuko wapi, aliyebaki nyuma au aliyepotea njiani.

Hatukuanza kutoka mwanzo. Siku hizi kuna violezo vya kuanzia, vya bure. Sisi tulichukua Django, iliyotengenezwa na watu wa gazeti moja la Kansas, Marekani, wakaigawa bure mwaka 2005. Ni kama nyumba iliyokwisha kuezekwa, wewe unaleta vitanda na sufuria. Data ni ghali, kwa hiyo inapakuliwa mara moja mjini Arua, inabebwa kwa flashi mpaka Koboko, na inafanya kazi kwa kompyuta bila intaneti. Amri moja inatengeneza folda, nyingine inaiwasha, na kwenye skrini unaona roketi inapaa. Wadogo zetu walipiga makofi!

Kazi ya namna hii si mpya kwetu Afrika Mashariki. Januari 2008, baada ya fujo za uchaguzi Kenya, Wakenya na rafiki zao walitengeneza Ushahidi kwa siku chache tu, watu waripoti vurugu kwa simu na intaneti. Baadaye waliitoa bure, wengine waiweke kwao, na mwaka uleule ikatumika mashariki ya Kongo.

Lakini kuwasha kwa kompyuta yako ni jambo moja, kuweka hewani ni jambo lingine. Hapo ndipo maneno yalianza. Mama mmoja alisema, "Andikeni jina la mwanangu, kijiji chetu na picha yake. Labda ataiona." Mzee mmoja akamjibu polepole, "Mama, na wale waliotufukuza nao wanajua kusoma." Tukanyamaza wote, juu wote wawili wanasema kweli.

Kumbe hata kiolezo chenyewe kinaonya. Ukurasa ule wa roketi unakuambia kwamba DEBUG bado imewashwa. Maana yake, programu ikiharibika, mgeni yeyote anaonyeshwa mambo ya ndani. Ukienda hewani lazima uizime, uandike anwani ya tovuti yako kwenye ALLOWED_HOSTS, na ubadilishe ufunguo wa siri. Ule wa mwanzo unaanza na maneno "django-insecure", yaani si salama. Halafu kuna amri, check --deploy, inayokagua mipangilio na kukutajia yaliyobaki. Nyumba umepewa, lakini kufuli ni lako.

Ila hakuna amri ya kukagua swali la yule mzee. Hilo tulilijadili wenyewe, siku tatu. Tuliangalia wengine wanafanyaje. Tangu 2013 Msalaba Mwekundu wana Trace the Face, ambapo anayetafuta anatoa picha yake mwenyewe, bila jina. Anayemjua atamtambua, asiyemjua hapati kitu.

Tumekubaliana hivi. Majina hayatatoka hadharani. Anayetafuta atakuja mwenyewe mezani, ataelezwa kwa lugha yake, Kiswahili, Kilingala au Kikakwa, na akikataa hataandikwa. Majina yatafunguliwa na watu wawili tu waliochaguliwa na jamaa zenyewe. Na mtu akitaka kufutwa, anafutwa siku hiyohiyo.

Tunajua njia hii ni ya polepole, na yule mama bado anasubiri. Hatukumficha hilo. Alisema, "Basi fanyeni, lakini msilale."

Kwa hiyo bado haiko hewani. Kabla ya kuipeleka kwenye seva tunataka kusikia kila jamaa: nani awe mmoja wa wale wawili? Njooni mseme. Na usisubiri programu yetu kama unatafuta mtu leo: waendee Msalaba Mwekundu, wanasaidia kutafuta jamaa bila malipo.

Tunawatakia amani nyumbani.