Zimwi Lililokula Chumvi

Zimwi hilo halikuzaliwa pwani. Lilizaliwa Marekani usiku wa tarehe 8 Septemba 1966, pale kituo cha televisheni cha NBC kilipoanza kuonyesha tamthilia ya safari za angani iitwayo Star Trek. Kisa cha usiku huo wa kwanza kiliitwa The Man Trap, na mtungaji wake alikuwa George Clayton Johnson. Tanga lilifika miaka 20 baadaye, wakati wa masika ya 1986, ndani ya kanda ya video iliyolazwa katika sanduku la mjomba mmoja aliyekuja mapumziko kutoka Maskati, baina ya vitambaa vya kanzu na makopo ya halua.

Nyumba ilikuwa Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa nambari, na mkaazi akiulizwa anapokaa hutaja barabara ya tisa au ya kumi na mbili bila ya kuhitaji jina jingine. Wakati huo Bara hakukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, na hali hiyo iliendelea hadi 1994, ingawa Unguja, ng'ambo ya maji, walikwisha kuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo chombo alichokileta mjomba kiligeuka kuwa sinema ya mtaa. Watoto walikaa mkekani, wanaume vitini, na wanawake mlangoni panapopita upepo. Miongoni mwa watoto alikuwamo mmoja wa miaka tisa ambaye mama yake alifariki masika yaliyotangulia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa majaruba ya chumvi upande wa Moa, karibu na mpaka wa Kenya. Na kwa kuwa mvua ya masika huizima kazi hiyo, alikuwa nyumbani siku zile, amekaa kiti cha nyuma kabisa. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa kizingitini akisuka ukili.

Katika nyumba hiyo chumvi haikuwa kitu cha kutajwa. Mtoto aliijua tangu ilipokuwa bado ni bahari: jinsi maji ya bamvua yanavyofunguliwa njia yakaingia nyuma ya mikoko, yakahamishwa kutoka jaruba hadi jaruba huku jua na upepo vikiyapunguza, mpaka maji yakawa mazito, kisha yakafanya utando mweupe unaovunjika chini ya reki. Aliijua pia kwa nyayo za baba yake, ambazo zilipasuka kama udongo wa kiangazi na hazikupona hata kwa mafuta ya nazi. Gunia la chumvi ya mawe lilisimama pembeni mwa ukumbi mwaka mzima, na majirani walichota bila ya kuomba.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Chombo cha angani kinafika kwenye sayari iliyokufa, ambako mtaalamu wa mambo ya kale, Profesa Crater, anaishi peke yake na mkewe Nancy. Tabibu wa chombo, McCoy, aliwahi kumpenda mwanamke huyo zamani. Tabibu anamwona vile vile alivyomwacha, kijana, hakuzeeka hata siku moja. Nahodha Kirk anamwona mwanamke mwenye mvi. Baharia wa tatu anamwona mwanamke mwingine kabisa, ambaye aliwahi kukutana naye katika sayari ya starehe. Kisha mabaharia wanaanza kuokotwa maiti, nyuso zao zina madoa mekundu ya mviringo, na tabibu akiwapima anakuta kwamba chumvi yote imetoka miilini mwao. Nancy wa kweli alikwisha kufa. Aliyemuua ni kiumbe wa mwisho wa kabila lake, aishiye kwa chumvi, awezaye kuchukua sura ya yeyote anayetamaniwa na amtazamaye. Mume alilijua hilo. Akakaa nalo.

Sura halisi ya zimwi huonekana mwishoni tu: ngozi yenye mikunjo, nywele za kijivu zilizochakaa, macho yaliyozama, mdomo wa duara, na vidole vyenye vikombe kama vya mikono ya pweza. Aliyelitengeneza, Wah Chang, alikuwa fundi hodari. Watoto wa mkekani walipiga kelele pale, wakafurahi kwa hofu yao kama ilivyo desturi ya watoto. Yule mmoja alikuwa amekwisha kuogopa mapema zaidi, mahali ambapo wengine walicheka.

Mahali hapo ni katika ushoroba wa chombo. Ofisa wa mawasiliano, Uhura, anapita humo. Mara anamkuta baharia asiyemjua, mwanamume mweusi mtanashati, aliyesimama akimtazama. Anamwuliza kama wanajuana. Yule anamjibu kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimfikiria. Kisha zimwi linasema Kiswahili.

Naam, Kiswahili. Maneno machache, yaliyopindwa na ulimi wa Kimarekani, lakini hayakuwa lugha nyingine. Chumba kizima kikapasuka. Mjomba akalazimishwa kurudisha kanda nyuma, mara moja, mara mbili, na kila mtu akawa na tafsiri yake. Wawili walikaribia kugombana juu ya kitenzi. Bibi, ambaye mpaka hapo hakuinua uso kwenye ukili wake kwa kuwa hakuwa na haja na Kiingereza, akainua uso na kuuliza, “Nani huyo anayesema?” kama mtu aliyesikia hodi.

Walioitunga tamthilia hiyo walikuwa na sababu zao. Miaka hiyo ya 1960 neno uhuru lilikuwa limevuka bahari, na jina la ofisa huyo lilichotwa humo, likabadilishwa irabu ya mwisho. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, aliyefariki 2022, aliitia heshima nafasi hiyo kuliko ilivyokuwa imeandikwa. Mwaka 1967, katika kisa kingine cha tamthilia hiyo hiyo, kumbukumbu zake zinafutwa na mtambo, na anapofundishwa upya Kiingereza na kukwama, linalomtoka ni neno la Kiswahili. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba Tanga haikuhitaji kufundishwa na Marekani kusafiri angani. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikwisha kuitundika Kusadikika hewani na kuwatuma wajumbe wake katika pande sita za ulimwengu, wala hakuhitaji waya wa umeme. Alifariki 1962, miaka minne kabla ya zimwi kutamka neno lake la kwanza la Kiswahili. Ni hasara kwamba hakulisikia, kwani angelisahihisha.

Yule mtoto hakulisahihisha. Yeye alilifahamu. Katika hadithi alizosimuliwa na bibi yake, zimwi hujificha nyuma ya mti likajifunza sauti ya mama, kisha likaja mlangoni kuwaimbia watoto wafungue. Watoto wa hadithi husalimika kwa kuwa sauti ya zimwi ni nzito, na mara ya kwanza wao hugundua. Lakini hili la kwenye kanda halikuwa na sauti nzito. Lilimwendea mtu aliye mbali na kwao, katika chuma kinachoelea gizani, likampelekea kitu kimoja alichokikosa, nacho ni lugha ya nyumbani. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilikujua ndipo likakula, na bila ya kukujua lisingeweza kula. Uhura alikuwa amekwisha kuganda ukutani, na alinusurika kwa sababu tu aliitwa kazini.

Jambo ambalo mtoto hakumwambia mtu ni kwamba, kanda iliporudishwa nyuma mara ya pili, hakuwa tena akimwogopea Uhura. Alikuwa akiwaza zimwi lingekuja na sura gani kama lingekuja kwake. Hakuhitaji kuwaza sana.

Kwenye kiti cha nyuma, baba alitazama mpaka pale Profesa Crater anapokiri kwamba mkewe alikufa, na kwamba yule aliyekaa naye siye, na kwamba alijua. Akainuka, akasema anakwenda kutazama mvua. Mvua ilikuwa imekatika.

Mwisho wa kisa unajulikana. Zimwi limo chumbani mwa tabibu kwa sura ya Nancy, kisha linamvaa nahodha, na tabibu ameshika silaha na hawezi kuitumia. Anapiga pale tu anapoliona umbile lake la kweli. Nalo, likifa, linarudi kwenye uso wa Nancy na kumsihi kwa jina lake. Anapiga tena. Watoto walishangilia. Yule mmoja alitoka nje, akasimama pale alipokuwa baba yake, na hawakusemezana.

Bibi ndiye aliyekuwa na la kusema, na alilisema siku nzima iliyofuata. Yeye alikuwa amekula chumvi nyingi, na mambo ya majini aliyajua kwa mpango. Jini hali chumvi. Chakula chake hakitiwi chumvi. Ukitaka kumweka mbali unatawanya chumvi ya mawe kwenye pembe za nyumba na juu ya kizingiti, kama yeye alivyofanya tangu msiba. Sasa jini gani huyu anayekimbilia chumvi? Kisha, baada ya kufikiri, akaiacha hoja ya majini akashika nyingine.

“Yule mzee aliwaomba chumvi mwanzo kabisa,” alimwambia mjomba. “Aliomba au hakuomba?”

“Aliomba, mama.”

“Na wao wana chombo kizima. Mbona hawakumpa?”

Mjomba akaeleza kwamba kiumbe yule alikuwa ameua watu wanne, na mwishowe alimwua hata mzee mwenyewe aliyekuwa akimlisha. Bibi hakukubali wala hakukataa. Alisema njaa ikishaingia haijui nani alikulisha jana, na kwamba lau angetua Moa angeshiba wiki ya kwanza, na gunia lingebaki.

Usiku huo mtoto alichota chumvi konzi moja katika gunia la ukumbini, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha la chumba alicholala. Asubuhi akaikuta imepungua, na pale ilipokuwa pana unyevu. Kila mtu wa pwani anajua kwamba chumvi ya mawe hunywa hewa ya masika ikayeyuka. Mtoto wa mfanyakazi wa majaruba alilijua hilo kuliko wenzake. Akaweka tena. Bibi alipoiona alimsifu mbele ya majirani kwamba ana akili, amejifunza kuyafukuza mambo mabaya. Hakumwambia kwamba yeye aliiweka ili kukaribisha. Alikuwa amepiga hesabu yake: akija mwenye sura ile na sauti ile, akikuta chakula dirishani, hatakuwa na haja ya kumdhuru mtu, na huenda akakaa.

Mambo hayo yalidumu kiasi cha mwezi. Mjomba alirejea Maskati na kanda yake. Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, alikitazama tena kisa hicho katika kompyuta, akashangaa jinsi Kiswahili cha zimwi kilivyo kifupi. Hayafiki maneno ya salamu mbili. Sura ya pweza haikumtisha. Pale ushorobani alizima sauti, kisha akaifungua tena.

Asubuhi moja kati ya hizo za masika aliamka akakuta chumvi dirishani haikupungua. Ilikuwa imeongezwa. Palikuwa na chungu kamili, chumvi kavu ya mawe makubwa, iliyotoka chini ya gunia ambako mkono wa mtoto haukufika, imewekwa kwa uangalifu katikati ya kizingiti. Huenda ni bibi aliyeiweka, kwa ajili ya kufukuza. Baba yake alikuwa amekaa uani akizifunga nyayo zake kwa kitambaa, kwani jua lilikuwa limeanza kutoka na kazi ilikuwa karibu kuanza. Mtoto alimwamkia, akaitikiwa. Hakuuliza.